Maji Niliyomficha Wifi Yangu

Nilimkosea mtu, na mtu mwenyewe ameshakufa. Naanza na hilo mapema ili msomaji asije akanionea huruma njiani. Usinionee! Soma kwanza mpaka mwisho, halafu uniite jina utakalo.

Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la watu wazima hapahapa Makorora, kwa hiyo herufi zangu zimelala ovyo. Jina langu silitaji. Yeye nitamwita Mwanajuma, ingawa hakuitwa hivyo. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, na umri wetu ulikuwa mmoja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya Duga, pale minazi inapokwisha na nyika inapoanza. Ukiipita nyumba ya mwisho ni miiba, mawe na vumbi jekundu, na waweza kutembea kutwa usione tone la maji. Mume wangu alikuwa akikata mkonge kwenye shamba la Mzungu, haji nyumbani mpaka amalize kipande chake, kadi ya siku thelathini za kazi. Mimi niliachwa na mama yake.

Mavyaa yule! Ndoa yangu ilikuwa na mwaka wa tatu na tumbo halijashika kitu. Kila asubuhi nikienda kumwamkia, "Shikamoo mama," ataitika marahaba huku akilitazama tumbo langu, usoni haniangalii. Alikwisha kuanza kumtafutia mwanawe mke mwingine, wala hakunificha. Alikuwa akiwataja wasichana mmoja mmoja mbele yangu, huku nakuna nazi, kama mtu anayechagua kuku.

Ningekuwa nimerudishwa kwetu zamani kama si mikeka. Kusuka nilifundishwa na mama yangu, na nilijua kusuka kweli. Lakini mkeka ni ukindu, na mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha. Mikindu iliyokuwa karibu na kijiji ilikuwa imekauka, majani yake mafupi na yanakatika ukiyakunja. Kisima chetu kilitoa tope. Tulikuwa tunachuja maji kwa kitambaa, tunangoja yatulie, ndipo tunapika.

Siku moja nikaenda nyika peke yangu, mbali kuliko tulivyozoea. Wenzangu walinicheka. Mchana kibuyu changu kilikuwa kitupu na nilichokata hakikutosha hata kawa ya kufunikia chakula. Nikakaa chini ya mgunga, nalia kwa hasira. Ndipo nikawaona njiwa. Wanapita chini chini, wawili, watatu, wote wanaelekea upande mmoja, kwenye kilima cha mawe ambacho sikuwahi kumsikia mtu akisema amefika.

Nikainuka nikawafuata. Njiwa hawaendi mahali bure saa kumi ya jioni.

Nyuma ya kilima palikuwa na kichaka cha miiba kimefungamana. Nikalala kifudifudi, nikatambaa, kanga ikachanika, mgongo ukachunika. Nikatokea upande wa pili. Lo! Wallahi nilidhani nimekufa na Mungu kanisamehe.

Mikindu! Mirefu, ya kijani, imesimama kuzunguka bwawa la maji kwenye mwamba. Maji yanatoka kwenye ufa, kidogo kidogo, safi, mpaka unayaona mawe ya chini. Ukoka umeota. Vyura wanalia mchana kweupe. Na nyuma yangu, hatua ishirini tu, nyika inaungua!

Nilikunywa mpaka tumbo likauma. Nikavua nguo nikaoga, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakata ukindu, mzigo mzima, na nilipotoka nikavuta matawi ya miiba nikaliziba tundu nililopitia.

Msomaji, hapo ndipo nilipoanza kukosa. Kijiji kizima kinachuja tope, watoto wanahara, na mimi nimeziba tundu! Mtu mwema angekimbia akipiga kelele njia nzima. Mimi nilirudi kimya, nikapika, nikala, nikalala.

Mikeka niliyosuka baada ya hapo haikuwahi kuonekana kule. Ukindu wa pale ulikuwa mweupe na laini, ukili unapita kwenye vidole wenyewe. Mavyaa alipoushika wa kwanza aliupapasa kwa muda mrefu, akasema, "Mkono huu Mungu kaubariki." Lilikuwa neno lake la kwanza zuri kwangu. Habari za mke mwingine zikapoa. Watu wakawa wanatoka mpaka Usagara mjini kuja kuulizia mikeka ya mkwe wake, naye anawakaribisha ndani kama bibi harusi.

Mavyaa akiniuliza ukindu nautoa wapi, namwambia, "Naenda mbali mama, natafuta." Basi.

Ndipo Mwanajuma akarudi. Alikuwa ameolewa Moa, na kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Akaja na tumbo la miezi saba, mnene, mcheshi, anacheka mpaka na mbuzi. Nyumba ikajaa. Mavyaa akawa anamkanda miguu, anampikia uji, anampangia jina la mtoto. Mimi nikarudi kuwa mtu wa kuchota tope.

Mawifi hutaniana, ndiyo desturi, na hakuna wa kukasirika. Jioni moja wanawake wa jirani wamekuja kuutazama mkeka wangu mpya. Mwanajuma akaulalia, akajinyoosha na tumbo lake juu, akasema:

"Wifi, mikeka wasuka mizuri, haki ya Mungu. Sasa wa kuulalia yuko wapi? Au wangoja nikuazime huyu wangu?"

Wote wakacheka. Mavyaa akacheka mpaka akajifuta machozi.

Na mimi nikacheka! Nilicheka kuliko wote. Lakini ndani yangu kitu kilikaa sawasawa, kikanyamaza, na sikukitoa tena.

Siku mbili baadaye Mwanajuma akanifuata jikoni. Kwetu mama mjamzito husuka kwa mkono wake kimkeka atakacholalia mtoto siku ya kutolewa nje. Alitaka kukisuka, na ukindu wa kijijini ulikuwa unamkatikia.

"Wifi, nambia," akasema. "Wautoa wapi? Mimi simwambii mtu. Nataka wa kimkeka tu, wa mwanangu, basi."

"Mbali wewe, na tumbo hilo."

"Kwani nimeambiwa mgonjwa? Wanawake wa Moa wazaa leo, kesho wako shambani. Nionyeshe wifi, n'takupenda mpaka nife."

Nikamtazama. Akawa amenishika mkono, mkono wa moto, laini, haujashika kuni mwezi mzima. Nikamwambia haya, kesho kutwa. Ila asimwambie mtu, hata mama, maana wakijua wengine watapamaliza. Aseme anaokota kuni. Mimi nitatangulia alfajiri nikifunga mafundo, yeye anifuate jua likichomoza, ili watu wasituone pamoja.

Mafundo ni nini? Wanawake wa kule tukienda nyika kukata ukindu, anayetangulia huchana kipande cha ukindu, akakifunga kwenye tawi kila njia inapogeuka, na anayefuata huongozwa na hayo. Fundo la mwenzio huligusi mpaka wote mmerudi. Na kila mtu alikuwa na mkono wake. Mimi nilikuwa nafunga mawili mawili, moja juu ya lingine, kama mama yangu alivyonifunza. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyefunga hivyo.

Tulikuwa pia na mwito wetu. Ukipotea nyika, unaita "Huuu!" kwa sauti ya juu, na yeyote atakayesikia lazima aitike. Lazima! Hata kama jana mlivutana nywele kisimani.

Sasa nisikilize. Alipokuwa anatoka jikoni, aligeuka akaniuliza:

"Nichukue kibuyu cha maji?"

Nikamjibu, "Cha nini? Huko maji yapo tele. Usijibebeshe mzigo na hali hiyo."

Nilisema kwa sauti ya upole. Nikiikumbuka sauti ile hata sasa, najiziba masikio.

Alfajiri ya siku ile nilifunga mafundo. Nilifunga vizuri, mawili mawili, kila kona. Mpaka mti wa mgunga nilifuata njia ya kweli. Hapo kilima cha mawe kiko kulia. Mimi nikafunga fundo la kushoto.

Nikaendelea kufunga kushoto, ndani ya nyika tupu, kumi na moja au kumi na mbili. Kisha nikaacha. Nikarudi kwa kuzunguka, nikapanda kilima, nikatambaa, nikaingia kwenye maji yangu.

Wallahi sikutaka afe. Nilitaka achomwe na jua, azunguke, akose, arudi miguu imevimba, na mimi nikamwambie, "Pole wifi, hukuyaona mafundo vizuri." Nilitaka siku moja nicheke mimi. Ndiyo hayo tu! Lakini mtu wa kutaka hayo tu angemwacha achukue kibuyu.

Nilikata ukindu. Niliosha miguu. Nilikula muhogo wangu wa kuchoma huku nimeitia miguu yangu majini. Jua lilipokuwa kichwani nikamsikia.

"Huuu!"

Mbali, upande wa kushoto. Nikaacha kutafuna.

"Huuu! Wifi!"

Sauti haikuwa ya hofu bado. Ilikuwa sauti ya mtu anayecheka kidogo, anayedhani amekosea njia na mwenzie atamwita sasa hivi. Nikatega sikio. Akaita tena, na tena. Kutoka pale ningepiga ukelele mmoja tu angenisikia. Ningepanda juu ya jiwe tu angeniona.

Sikuitika! Nilijiambia nikiitika atakuja, ataona maji, ataona kuwa mafundo yalimpeleka kwingine, atamwambia mama yake, na nitarudishwa kwetu na kibegi changu kichwani. Vyura walikuwa wamenyamaza kwa sababu yangu, na nikatamani walie waizuie sauti yake isinifikie.

Aliita mpaka sauti ikakauka. Mwisho haikuwa "Huuu" tena, ilikuwa kama mbuzi. Kisha kukawa kimya, nikasema, ameshageuka, amerudi nyumbani.

Nilifika nyumbani alasiri. Mavyaa akaniuliza, "Mwanajuma hukukutana naye? Kaenda kuni tangu asubuhi."

Nikasema, "Sijamwona, mama."

Magharibi wanaume wakatoka na taa kwenda upande wa kuni, ambako si kwenyewe. Mimi nilijua. Nilikaa jikoni napepeta mchele, mchele ambao hakuna aliyeuomba, na mavyaa yuko mlangoni ananiuliza, "Atakuwa wapi mwanangu? Atakuwa wapi?" Nikamwambia Mungu mkubwa, mama. Nilimtaja Mungu kwa mdomo huu!

Kulipopambazuka ndipo nikasema labda tujaribu upande wa ukindu. Mjomba wa mume wangu na jirani mmoja wakanifuata. Nilitangulia mbele yao kwa hatua kubwa, na kila nilipofika kwenye fundo nililifungua nikalisokomeza kibindoni. Wao wakadhani namkimbilia wifi yangu.

Tulimkuta chini ya kijiti, si mbali na fundo la mwisho. Ulimi umevimba, haufungi mdomo. Miguu imechanika. Alikuwa hai. Kando yake kulikuwa na leso yake imekunjwa vizuri, imefungwa, na mtoto ndani. Wa kiume. Alikuwa amemzaa pale peke yake, na alimfunika uso dhidi ya jua, ingawa hakukuwa na haja tena.

Na kilima cha mawe tulikuwa tunakiona kutoka pale. Ningeweza kutembea nikayaleta maji kabla jasho halijakauka. Mjomba akamtilia matone ya kibuyu chake midomoni, akasema, "Nyika hii haina hata tone, Mungu wangu." Nami nikasema kweli mjomba, haina.

Walipomuuliza nani alimpeleka upande ule, alitutazama mmoja mmoja. Mimi alinitazama mwisho. Akasema, "Nilipotea."

Sasa sikiliza malipo yangu. Nilisifiwa! Mavyaa alinishika miguu mbele ya watu, akalia, akasema nimemrudishia mwanawe. Alivua bangili zake za fedha akanivisha. Tangu siku hiyo nikawa mwana wa nyumba ile, na mwaka uliofuata nikashika mimba. Nilizaa watano.

Mwanajuma hakuzaa tena. Mkunga alisema ndani kumeharibika. Mumewe wa Moa alingoja mwaka, kisha akaleta talaka kwa mkono wa mtu. Akabaki kwetu. Tulipohamia mjini, kwanza Nguvumali, kisha hapa Makorora, alikuja nasi. Wanangu wote watano amewabeba mgongoni yeye. Amewaogesha, amewafundisha alifu. Mkeka hakuusuka tena, wala wangu hakuulalia. Alikuwa akilala kwenye kitanda cha kamba bila tandiko.

Utani aliacha. Kucheka aliacha. Lakini hakunikosea adabu hata siku moja.

Bwawani sikurudi tena. Wala sikumwambia mtu! Watu wa kijiji waliendelea kunywa tope miaka mingine minne, mpaka wafugaji wakapita na ng'ombe wao wakalikuta wenyewe. Watu walishangilia. Mwanajuma alipoletewa habari kuwa nyuma ya kilima cha mawe pana maji na mikindu, alikuwa anamnywesha mwanangu wa pili uji kwa kiganja. Aliuliza tu, "Mikindu mirefu?" Akaambiwa mirefu. Akaendelea kumnywesha mtoto.

Niliona! Nikajiambia hajaelewa.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani tulikuwa tunaombana radhi, kama wafanyavyo watu wote. Nilimwendea nikamwambia, "Wifi, nisamehe niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua." Naye kila mwaka alinishika mkono akajibu, "Usiyoyajua nimekusamehe."

Miaka ishirini na zaidi! Nilipokea jibu lile, nikashukuru, nikaenda zangu kukanda maandazi.

Mwaka aliokufa aliugua kifua muda mrefu. Nilimuuguza mimi, sikumwachia mtu. Adhuhuri moja nikamwinua nimpe maji. Akanywa kidogo, akakisukuma kikombe, akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote:

"Wifi, yale maji yalikuwa matamu?"

Msomaji wangu, mlango ulikuwa umefunguliwa. Amenifungulia mwenyewe, hana hata nguvu ya kukaa. Watoto wamekwenda shule, mume wangu amekwisha kufariki, mavyaa amekwisha kufariki. Hapakuwa na wa kunirudisha kwetu tena. Ningesema neno moja tu.

Nikamwambia, "Maji gani, wifi?"

Akasema, "Mawili mawili wafunga wewe peke yako. Ndiyo maana nilifuata."

Akageukia ukuta. Akaishi siku tatu zaidi na hakuniambia kitu. Nilimwomba radhi pale kitandani, nikalia, nikataja yote, mafundo, kibuyu, mwito, kila kitu. Sijui kama alisikia. Mkono wangu hakuushika.

Baada ya kumzika ndipo nikalikumbuka jibu lake la kila mwaka, nikalitazama vizuri, nikaona kilichokuwa hakimo. Alikuwa akiningoja. Kila mwaka alinipa nusu, akaiweka nusu nyingine mkononi, akingoja nimwombe. Na kwa nini hakusema? Angesema aende wapi? Mtoto hana, mume hana, anakula sahani yangu, analala chini ya bati langu. Nilimnyima maji, kisha nikamlisha maisha yake yote, naye akala kwa sababu hakuwa na pa kwenda!

Wewe unayesoma, sikuombi uniombee. Nakuomba kitu kimoja. Kama kuna mtu anakuita, na umemsikia, na unajua umemsikia, itika leo. Usingoje apoteze sauti. Mimi bado namsikia mchana saa sita, hapa Makorora, katikati ya watu na kelele za barabarani, na nikimwitikia wajukuu wangu huniuliza, "Bibi, unamwita nani?"